Mbeba Habari wa Rågsved

Pale Rågsved, pembeni mwa jiji la Stockholm, anakaa mtu anayeitwa Vénant. Ukimuulizia kanisani kwa jina hilo watakuelekeza. Ukimuulizia kwa jina la Profesa watakuelekeza huku wanacheka. Ni mtu wa Uvira, Kongo. Alipitia kambi ya wakimbizi Tanzania, akafika Uswidi, akabeba mizigo ya wasafiri kwenye uwanja wa ndege kule Märsta mpaka mgongo ukagoma. Mgongo ulipogoma, badala ya kukaa nyumbani akalalamika kama wanaume wenzake wenye akili zao, akaenda kujiandikisha shule.

Na si shule ya kujifunza umeme au kuendesha basi. Falsafa. Waswidi wana shule za watu wazima, wanaziita folkhögskola. Hazina fimbo wala mtihani, mwalimu unamwita jina lake kama mtoto wa jirani, na watu wenye mvi wanakaa duara, wanakunywa kahawa, wanaulizana mambo ambayo kwingine ukimuuliza mtu anakupima homa. Siku ya kwanza Vénant aliporudi, mkewe Christelle, ambaye kazi yake ni kuwaogesha wazee majumbani kwao na kurudi miguu imevimba, alitaka kujua amefundishwa nini. Vénant akasema wamejadili kama meza ipo au haipo. Christelle akamjibu kama haipo, leo atakula sakafuni.

Mcheke, lakini usimalize kicheko chote. Mtu huyu alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuisomea popote, na kwa kazi hiyo Stockholm nzima hakuwa na mpinzani. Vénant alikuwa mbeba habari.

Mtu wa kwao haambiwi msiba kwenye simu. Mama akifa kule, hapigiwi mtoto. Anapigiwa mtu mwingine, mara nyingi pasteri, naye anawaita wachache, na hao wachache wanafunga midomo. Mtoto akipiga nyumbani anaambiwa mama amelala, mama kaenda sokoni, simu ya mama imeingia maji. Wakati huo watu wanapanga: nani ana gari, nani atapika, siku gani wengi hawana zamu. Kisha wanakwenda kwake wote pamoja, wanavua viatu mlangoni, wanakaa, na mmoja wao anasema. Huyo mmoja, kwa miaka mingi, alikuwa Vénant.

Kazi hiyo ina ufundi wake, usione watu wanakaa kwenye makochi ukadhani ni rahisi. Kwanza Vénant alihakikisha mtu amekula, maana baada ya hapo hatakula. Alimkonyeza mwanamke mmoja aende jikoni kuzima jiko. Aliwapanga wanaume wawili wenye mabega, huyu kushoto na huyu kulia. Simu ya mfiwa aliiomba kwa kisingizio chochote, akaitia mfukoni mwake. Halafu akaomba wasali, na ndani ya sala sauti yake ikawa inashuka, inashuka, kama mtu anayeteremka ngazi akishikilia ukuta, na mfiwa alipokuja kushtuka, neno lilikuwa limekwisha kusemwa. Aliyeanguka aliangukia mikono ya watu.

Alikuwa na koti jeusi la shughuli hiyo. Watu waliliogopa kuliko bahasha ya idara ya kodi. Akitaka kumtembelea mtu kwa salamu tu, ilibidi avae jaketi la rangi ya machungwa la enzi za mizigo, ili mwenye nyumba akichungulia kwenye tundu la mlango ashushe pumzi.

Aliyempa jina la Profesa ni Papy, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Kambini walilala hema moja. Papy anakaa Hallunda, kitongoji kingine, peke yake, tangu mkewe alipohamia mji wa Norrköping na watoto. Anasafisha ndege: abiria wakishuka, yeye na wenzake wanaingia na mifuko, wanapita katikati ya viti wakiokota vikombe na magazeti, wanafunga mikanda upya, wanatoka kabla abiria wengine hawajapanda. Mtu wa maneno, Papy, mtu wa kuchokoza. Na kila siku akitoka kazini alimpigia mama yake kule Uvira, Mama Veneranda, wakagombana njia nzima ndani ya treni, kwa sababu mama hakuamini kwamba mwanawe anavaa kofia.

Basi mwezi wa kwanza, shuleni, mwalimu wao Mikael, kijana wa ndevu nyekundu, aliwaambia kila mmoja alete jambo la maishani mwake linalohusu kusema kweli. Vénant akaleta kazi yake ya kubeba habari. Akaieleza kwa Kiswidi chake kinachopanda na kushuka, akasimama kabisa, akaonyesha wanaume wawili wanakaa vipi na simu inachukuliwa vipi. Waswidi walimsikiliza mpaka kahawa zikapoa. Mikael akasema ni jambo zuri sana. Vénant akakaa huku kifua kimejaa.

Ndipo akaongea Gunvor, mama mzee aliyekuwa nesi zamani, mtu asiyezungumza mara nyingi. Akauliza: hizo siku ambazo ninyi mnajua na yeye hajui, na yeye anaendelea kucheka, siku hizo ni za nani?

Vénant akajibu kwamba zinatumika kumuandalia watu.

"Sijauliza zinatumika kufanya nini," Gunvor akasema, bila ukali wowote. "Nimeuliza ni za nani." Kisha akaeleza kwamba mumewe alipokuwa mgonjwa, daktari aliwaambia watoto kwamba hataishi, na watoto wakamficha yeye Gunvor wiki nzima, kwa huruma. Ile wiki angeitumia vingine.

Hapo darasa likaendelea na mtu mwingine, mambo ya jirani aliyeiba baiskeli. Lakini mawazo ya Vénant hayakutoka pale. Kwenye treni ya kurudi Rågsved alibishana na yule mama kimoyomoyo, na kila akishinda, lilimjia jambo moja. Alimkumbuka ndugu mmoja wa Märsta ambaye, mama yake akiwa amekwisha fariki na watu wote wanajua, aliingia dukani kumnunulia viatu vya kanisani. Na aliyefuatana naye kumshauri namba, na kusema hivi vitamkaa vizuri, alikuwa yeye Vénant.

Mwezi wa pili, Alhamisi asubuhi, Pasteri Sébastien akapiga. Mama Veneranda amefariki usiku wa kuamkia leo. Mji hauna amani, hospitali haina pa kuweka maiti, wanamzika kesho. Papy ana zamu leo na kesho, na watu wengi pia wako kazini, kwa hiyo wataenda kwake Jumamosi. Gaudiose atapika. "Na wewe," Pasteri akasema, "kazi yako unaijua."

Vénant akasema anaijua. Akachukua begi akaenda shule.

Wakati wa mapumziko simu yake ikalia kwenye korido. Papy.

"Profesa, meza ipo leo?"

"Ipo."

"Mbona hujanitukana? Unaumwa?"

Vénant akasema ni baridi tu. Papy akaanza kusimulia, mara ndege imechelewa, mara msimamizi mpya ni mtoto mdogo, halafu akafika alikokuwa akienda tangu mwanzo. Mama hapokei tangu jana. Dada yake anasema simu imeingia maji. Akacheka. Mama yangu na maji wapi na wapi, akasema, simu yake anaifunga kwenye nailoni mbili, anaitoa kwa ajili yangu tu. Kicheko kikaisha njiani. Papy akashusha sauti, akamwita yaya, yaani kaka, kama wanavyoitana watu wa kwao.

"Yaya, wewe ndiye unajuaga hizi mambo. Kuna kitu?"

Jibu Vénant alikuwa nalo. Mdomo wake ulilizoea jibu hilo kama mguu unavyozoea kandambili: hakuna kitu, ndugu yangu, mitandao ya kule unaijua. Amelitoa mara ngapi, na halijawahi kumkwama. Lakini upande wa pili wa kioo alimwona Gunvor anamimina kahawa, na mbele ya macho yake vikapita vile viatu vya kanisani. Akajiambia: mtu huyu ameniuliza. Ni mtu mzima, ni mama yake, na kesho anazikwa.

"Mama ameenda, Papy," akasema. "Usiku huu. Wanamzika kesho."

Kule upande wa pili kulisikika mashine ya kufyonza vumbi, na mtu akiita jina la mtu mwingine. Kisha Papy akasema, kwa sauti ya kumshukuru mtu aliyekupisha kwenye kiti, "Sawa. Asante, yaya." Simu ikakatwa.

Na Vénant, haya ndiyo aliyokuja kuyajutia zaidi, alijisikia vizuri. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua sanduku zito. Aliingia darasani, akachukua kikombe, akakaa karibu na Gunvor. Hakumwambia kitu, lakini alikaa karibu naye. Mchana akampigia Papy mara kadhaa, hakujibiwa. Ukaja ujumbe mfupi: niko kazini.

Ijumaa jioni Pasteri akampigia kumpa moyo. Mambo yote yako sawa, akasema. Leo amezungumza na Papy mwenyewe kumuuliza kama kesho atakuwepo nyumbani, na Papy hana habari kabisa, ametania mpaka mwisho, ameuliza kama kanisa sasa linatoa sadaka badala ya kupokea. Vénant akashika ukuta. Christelle akamuuliza ana nini. Akasema mgongo.

Jumamosi akavaa koti jeusi. Walipofika Hallunda viatu vilijaa mlangoni vikamwagika mpaka kwenye ngazi, na Mswidi wa nyumba ya jirani akafungua mlango, akaviona, akafunga taratibu. Papy aliwafungulia akiwa amenyoa. Akawatazama wote, akasema, "Wengi hivi? Mmekuja kunichumbia?" Wakacheka kidogo, cheko la watu wanaojua.

Vénant akaanza kazi. Akamuuliza kama amekula. Papy akasema amekula. Wanaume wawili wakakaa kushoto na kulia. Vénant alitaka kuomba simu, lakini kabla hajafungua mdomo Papy aliitoa mfukoni akamkabidhi, kama mtu anayempa kondakta tiketi. Macho yao yakakutana. Vénant akayahamisha yake kwenye zulia. Akasali, na sauti ilipoanza kushuka ngazi, ikakosa ngazi moja, ikapasuka, akalisema neno ovyo, vibaya kuliko mara zote alizowahi kulisema.

Wanawake wakapiga yowe. Wale wanaume wawili wakanyoosha mikono kumdaka Papy, na Papy hakuanguka. Alijitahidi, mtu lazima amsifu. Alifunika uso kwa viganja, akatikisa mabega, akaita mama. Lakini viganja vilipotoka, uso ulikuwa mkavu.

Papy, ambaye kila mtu alijua kila siku yuko kwenye simu na mama yake. Watu wakatazamana. Yowe likapungua nguvu, maana ni vigumu kulia kumzidi mwenye msiba. Gaudiose, dada yetu mwenye moyo mzuri na sauti isiyojua kunong'ona, akamwinamia mwenzake akasema, "Hata chozi?" Mwenzake akasema huku Ulaya kunakausha. Mzee mmoja akakohoa, kikohozi cha kulaumu. Papy aliyasikia yote na akazidi kutazama chini, na akatikisa tena mabega, na hakuna kitu kinachoumiza kukitazama kama mtu mzima anayejaribu kulia mbele za watu na hawezi.

Vénant akashindwa.

"Msimseme," akasema. "Alikuwa anajua. Mimi nilimwambia, Alhamisi."

Pasteri akauliza alimwambia akiwa wapi. Vénant akasema kwa simu. Pasteri akauliza tena, kwa simu akiwa wapi, na Vénant akasema akiwa kazini. Gaudiose alikuwa amebeba sufuria ya ndagala, dagaa wa kwao. Akaitua juu ya meza, asiseme neno, na kutoka kwa Gaudiose huko kulikuwa kupigwa. Vénant akaanza kueleza, kwamba mtu ana haki ya siku zake, kwamba aliulizwa na rafiki yake, kwamba mazishi yalikuwa kesho yake. Kiswahili kikamwishia, akachanganya Kifaransa na Kiswidi.

"Hiyo ndiyo wanawafundisha huko?" Pasteri akauliza. Safari hii hakuna aliyecheka.

Papy akainuka. "Yaya," akasema, "nani alikuomba useme?"

Akaenda jikoni. Vénant akamfuata, kwa sababu kubaki sebuleni kulikuwa kubaya zaidi. Papy alikuwa ameegemea friji. Hakuwa na hasira, na Vénant angeshukuru angeikuta hasira. Papy akamsimulia. Alhamisi ile alikuwa ndani ya ndege, viti vya nyuma, mfuko mkononi. Wenzake wa zamu ni watu wema lakini hakuna anayejua Uvira ni nini. Yule mtoto msimamizi angemwambia aende nyumbani, na nyumbani ni hapa, akaonyesha kwa kidevu jiko, kiti kimoja, dirisha. Kwa hiyo akaendelea kuokota vikombe. Ndege ile ikaisha, wakaingia nyingine. Alipofika Hallunda akalia sakafuni, akalia mpaka yakaisha, na leo walipokuja na mikono yao hakuwa na kitu cha kuwapa.

Vénant akashika lile moja lililobaki. "Lakini mazishi. Angalau jana ulimpigia dada yako, akakuwekea simu usikie."

Papy akamtazama kama anavyotazamwa mtoto.

"Ningepigaje? Wangeuliza nani amenambia. Na ni nani mwingine, yaya? Wangekunyang'anya hii kazi yako. Huku umebeba mabegi ya watu, huko shuleni unachekwa, hii ndiyo unaheshimiwa nayo. Jana sikwenda kazini. Nilikaa hapa kwenye hiki kiti na simu. Saa yao ya kuzika ikafika, ikapita. Nikasema sawa, nitavumilia, Jumamosi nitajifanya. Na wewe umekuja ukawaambia."

Vénant akakitazama kile kiti.

"Siku ile unanipa habari," Papy akauliza, "wewe ulikuwa wapi?"

"Shuleni."

"Ulikuwa na watu?"

"Nilikuwa na watu."

"Mimi sikuwa na mtu," Papy akasema. Akafungua bomba, akanawa uso, akarudi sebuleni, akakaa katikati ya wale wanaume wawili. Walimshika mikono. Walikaa naye mpaka jioni, wakaimba, wakala, wakaosha vyombo, wakafanya yote yanayofanywa.

Hakuna aliyemwambia Vénant kwamba amefukuzwa kazi. Msiba uliofuata, wa mama mmoja wa Märsta, aliusikia kanisani Jumapili pamoja na watoto wadogo. Habari ilikuwa imebebwa na Akili, kijana mwenye adabu lakini anaongea haraka mno, na watu wakamsifu Akili. Koti jeusi Christelle alilipeleka kwa fundi wa kufua, akalirudisha likiwa limefunikwa nailoni, na liko hivyo hivyo kabatini.

Shule hakuacha. Angekwenda wapi? Siku moja Gunvor akamuuliza kuhusu ile desturi ya kwao, kama amewahi kuifikiria tena. Vénant akamsimulia, yote, mpaka jikoni. Yule mama akaweka kikombe chini, uso ukampauka. Akamshika mkono, na Waswidi hawashiki mkono ovyo.

"Mungu wangu," akasema. "Mimi nilikuwa nauliza tu."

Na Papy je? Hawakugombana. Wanaonana Jumapili, wanapeana mkono, Papy anatania watu kama zamani. Jina la Profesa tu ndilo ameliacha, sasa anamwita Vénant, kama polisi. Lakini akipigiwa na Vénant hapokei.

Mara ya kwanza, theluji ilikuwa bado ipo. Vénant alimpigia jioni, amsikie sauti tu. Ikaita mpaka ikakata. Akasema atakuwa bafuni. Akala, akawasha redio, na mlango ukagongwa. Papy, kofia mkononi, anahema. Alikuwa amepanda treni kutoka Hallunda, akabadilisha Slussen, akaja mpaka Rågsved, na kutoka stesheni alikuwa amekimbia.

"Ulipiga," akasema.

"Nilitaka kukusalimu tu."

Papy hakuingia. Alinyoosha shingo akatazama nyuma ya Vénant, ukumbini, aone viatu ni vya watu wangapi, aone nani wamekaa wakimngoja na msiba. Alikuwepo Christelle peke yake, anamenya viazi.

"Kusalimu tu?"

"Tu."

Akasimama pale mpaka pumzi ikamrudia. Akamsalimia shemeji yake kutoka mlangoni, akakataa chai, akashuka ngazi. Wiki iliyofuata Vénant akapiga tena, akidhani yale yalikuwa ya msiba, yamepita. Haikupokelewa. Akakaa dirishani akiomba asije. Akamwona anatokea upande wa stesheni, anakuja mbio katikati ya theluji, mtu wa makamo, koti halijafungwa vifungo.

Toka siku hiyo Vénant hampigii tena.